Kadi Ilibadilishwa

"Haijafa," fundi alisema. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya kompyuta, miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. "Kuna kitu kimeifunga mdomo."

Inspekta alisimama dirishani, mikono nyuma. Chuoni walimbandika jina la Kwanini, kwa kuwa swali hilo lilikuwa haliishi kinywani mwake, na miaka kumi na tisa baadaye hata mkuu wa kituo alimwita hivyo mbele ya wageni.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ndicho tunachokitafuta, afande."

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Kesho yake saa tatu asubuhi, msichana wa miaka ishirini na miwili angepandishwa kizimbani kwa kumuua mjomba wake, na Kwanini ndiye aliyemtia pingu. Alikuwa na saa kumi na nane za kuthibitisha kwamba alikosea, na kitu pekee kilichomtia shaka ni sentensi moja fupi kwenye ripoti ya askari waliopekua chumba: "Kompyuta moja, mbovu, haina sauti."

Askari waliipita sentensi hiyo wakaendelea kuhesabu viti. Kwanini yeye aliisoma mara tatu. Marehemu alikuwa kipofu. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama, mzee aliyeketi miaka thelathini akisikiliza kanda za kesi na kuzigeuza maandishi, na kompyuta yake ilimsomea kila herufi iliyokuwa kwenye skrini. Kompyuta isiyo na sauti, kwa mtu kama huyo, ni sawa na meza tu. Sasa mzee alifanyaje kazi hadi asubuhi aliyokufa?

Chumba chenyewe kilikuwa cha mtu asiyetaka mchezo na vitu vyake. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, hadi kijiko. Taa ya darini haikuwa na glopu, maana hakuihitaji. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika zote, na chini ya meza kulikuwa na pedali ya mguu ya kusimamisha na kurudisha kanda, imelika upande wa kisigino. Kando yake lilikaa sanduku la kanda za zamani kutoka masijala ya mahakama. Mahakama ilikuwa inahamishia kesi zake za kale kwenye kompyuta, na mzee ndiye aliyepewa kazi hiyo kwa sababu hakuruka hata kikohozi.

Nje ya mlango ndipo zilipoanzia ngazi. Zilikuwa kumi na saba, za saruji, na mzee alizipanda na kuzishuka miaka ishirini bila fimbo. Jumamosi iliyopita alikutwa chini yake, shingo imevunjika. Mpwa wake alikutwa amempakata, saa nne na robo asubuhi, akipiga kelele. Duka la chini halifunguliwi Jumamosi, na mlango wa kuingilia una funguo tatu tu: wa mzee, wa mpwa wake, na wa jirani yake wa mlango wa pili, nesi mstaafu. Nesi alikuwa amesafiri tangu Ijumaa jioni, kalala kwa dada yake mji wa pili. Ukitoa ufunguo wa maiti na ufunguo wa msafiri, unabaki na mmoja.

Kisha kulikuwa na ule ujumbe. Ijumaa saa kumi na mbili jioni mzee alimtumia mpwa wake maneno machache kwa simu: "Kadi ilibadilishwa. Njoo kesho saa nne. Usimwambie mtu."

Mkuu wa kituo alishaamua kwamba ni kadi ya simu. Msichana kaiba laini ya mjomba wake, kagundulika, kaitwa, wakagombana, akamsukuma. Msichana alipoulizwa rumande, alilia na kusema ni kadi ya sauti ya kompyuta. "Huwa zinajibadilisha, afande. Zipo mbili. Mjomba akikosa sauti ananiita niende nikamrekebishie. Hakuna kingine." Mkuu wa kituo alicheka hadi akakohoa. Kwanini hakucheka, akaenda kumtafuta fundi.

Fundi huyu alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa kuyumba huku na huku, na mkoba wake ulikuwa na picha ya yule ndege wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Pengwini. Hakukasirika kamwe, ila tu mtu akimwambia kwamba Linux ni ngumu.

"Nimeipata ya kwanza," Pengwini alisema, akijitoa chini ya meza kinyumenyume. "Plagi ya spika imechomekwa tundu la maikrofoni. Kipofu wa miaka thelathini hawezi kufanya kosa hilo. Kuna mkono mwingine uliingia hapa."

Kwanini aligeuka upesi. Mkono mwingine! Alikuwa bado anafungua daftari lake pale konstebo mlinzi wa mlangoni alipokohoa kwa aibu.

"Ni mimi, afande. Jumapili zamu ilikuwa ndefu. Nilichomoa spika nichomeke kwenye simu, nisikilize mpira. Nilipozirudisha, nadhani sikuangalia rangi."

"Ulisikiliza mpira," Kwanini alisema polepole, "kwa spika za marehemu. Ndani ya chumba kilichofungwa kwa lakiri."

"Dakika za nyongeza tu, afande."

Alimtazama mpaka konstebo akaanza kuhesabu vidole vya miguu yake. Kisha Pengwini alirudisha plagi kwenye tundu la kijani, akabonyeza kitufe, akasubiri. Kimya. Taa ndogo ya spika iliwaka vizuri kabisa, na spika hazikutoa hata mkwaruzo.

Mlango wa pili ulifunguka na harufu ya chai ya tangawizi ikatangulia. Mama Nesi aliingia bila viatu, birika la chai mkono mmoja na hotipoti mkono wa pili, akaviweka juu ya kabati. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti nzito ya kukwaruza ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Wodi nzima za wagonjwa zilikuwa zimetulizwa na sauti hiyo. Hata jeraha lililomwachia Kwanini kovu mkono wa kushoto, alilolipata akiwa konstebo mpya, lilishonwa na mama huyu.

"Kunyweni chai, wanangu. Na hicho ni chakula cha mtoto. Mpelekee, Inspekta, usiwaachie wale vijana wako, jana kimemfikia kimepoa."

"Nitampelekea mwenyewe, mama."

"Anakula lakini?"

"Kidogo."

Mama Nesi alitikisa kichwa, machozi yakamlengalenga. Alimlea msichana yule tangu ana miaka minane, tangu mama yake mzazi alipofia hospitalini. Alihamia mlango wa pili mwaka huohuo, akasuka nywele za mtoto, akamfundisha kupika, akakaa naye usiku alipougua. Katika maelezo yake kwa polisi alisema neno moja tu la kumkandamiza, na alilisema kwa uchungu: kwamba siku hizi mjomba na mpwa walikuwa wakigombana.

"Mama," Pengwini aliuliza, "huna spika yoyote ndogo hapo kwako? Nataka kujaribu kitu."

"Nilikuwa nayo, mwanangu, ile isiyo na waya. Hata marehemu aliwahi kuiazima zake zilipoharibika. Lakini ilikufa tangu kipindi cha baridi, nikaitupa." Aliitazama kompyuta, akarudi nyuma hatua moja. "Mimi hilo dude silipendi. Mtu amekufa, liacheni lipumzike naye."

Aliondoka, nyayo zake zikisikika hadi mlango wake ulipofungwa. Konstebo aliagizwa ashuke akalinde chini, mbali na spika.

Pengwini alifungua lile dirisha jeusi la amri ambalo huwatia watu hofu, akaandika neno, na skrini ikajaa nguzo ndefu kama vipimajoto. Chini ya nguzo mojawapo zilikaa herufi mbili, M na M.

"Imenyamazishwa," alisema. "Hii hutokea yenyewe plagi ikichomolewa. Ni mpira wa konstebo tena." Alibonyeza kitufe kimoja, herufi zikageuka sifuri mbili za kijani. Akajaribu. Kimya.

"Mtu alinyamazishwa na kompyuta ikanyamazishwa," Kwanini alisema. "Na bado ni kimya."

"Subiri, afande. Hatubahatishi, tunafuata njia ya sauti kuanzia chanzo mpaka mdomoni. Spika nzima. Waya mzima. Nguzo ziko wazi. Sasa tuone kama kuna sauti yenyewe." Alifungua dirisha jingine, lenye mstari mwembamba ulalao. Alibonyeza kitufe cha kibodi, na mstari ule ukaruka ukawa wa kijani, ukarudi. Akabonyeza tena. Ukaruka tena.

Pengwini aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Nini?" Kwanini aliuliza.

"Inaongea."

"Mimi sisikii kitu."

"Hata mimi sisikii. Lakini inaongea, afande. Programu ya kumsomea mzee haikuzimwa. Kila kinachotokea kwenye skrini inakisema. Tangu Jumamosi hamkuizima?"

"Niliagiza isiguswe."

"Basi imekuwa ikiongea siku tano."

Kwanini alijikemea kimoyomoyo. Alikuwa ameona maiti nyingi bila kukosa usingizi, na sasa mstari wa kijani ulikuwa unamtisha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hawakusema mshindo wenyewe huenda wapi.

"Inamwambia nani?"

"Swali zuri." Pengwini aliandika amri nyingine, na safari hii ilitoka orodha fupi. "Kompyuta hii ina kadi mbili za sauti. Linux huanza kuhesabu na sifuri. Kadi sifuri ni ya skrini. Kadi moja ndiyo ya spika hizi. Sauti yote inapelekwa kadi sifuri, kwenye skrini, na skrini hii haina spika. Ni sawa na kutia maji kwenye ndoo iliyotoboka."

"Kwa hiyo msichana alisema kweli. Kadi zilibadilika."

"Hubadilika, ndiyo. Programu ikisasishwa, au kitu kikichomekwa na kuchomolewa, asubuhi unakuta imebadilika yenyewe. Mzee alikwisha niita mara mbili kwa hilo. Anapiga simu anasema, 'Fundi, kadi imebadilika.' Maneno hayohayo kila mara, kama anasoma risala."

Kwanini alikuwa amekwisha andika "imebadilika" kwenye daftari lake, kalamu ikasimama juu ya herufi ya mwisho. Alifungua kurasa za nyuma, akatafuta ule ujumbe wa Ijumaa, akaweka kidole.

"Alisema imebadilika?"

"Kila mara."

"Una uhakika? Hakusema imebadilishwa?"

"Afande, mzee yule aliwahi kunisimamisha katikati ya sentensi kwa sababu nilisema 'hii maneno'. Alisema imebadilika, na alikuwa na maana imebadilika."

"Ujumbe wake unasema ilibadilishwa."

Walitazamana.

"Kitu kikibadilika chenyewe, hakuna wa kulaumiwa," Kwanini alisema, akiyavuta maneno moja moja. "Kikibadilishwa, kuna mkono. Na hakusema 'ime', alisema 'ili'. Si ya leo. Ni ya zamani. Mtu aliyepiga chapa ushahidi miaka thelathini, anayejua kwamba herufi moja inamfunga mtu na nyingine inamwachia, hawezi kukosea silabi mbili ndani ya neno moja." Alifunga daftari. "Hakuwa anazungumzia kadi ya sauti hata kidogo. Msichana alikosea. Na mimi nimekuleta hapa bure, fundi, kutengeneza kadi isiyohusika."

Alikaa kwenye kiti cha marehemu, amekata tamaa waziwazi. Saa kumi na nane zilikuwa zimebaki kumi na saba.

"Si bure," Pengwini alisema, akirudi kwenye kibodi. "Maana bado sijakujibu swali lako. Kwa nini. Sikuona programu yoyote iliyosasishwa wiki hii. Zikibadilika lazima kuwe na sababu, na Linux ina tabia moja nzuri kuliko majirani wengi. Ikiona kitu, inaandika, na haitii chumvi."

Aliita daftari la matukio la kompyuta. Mistari ilimiminika, mamia kwa mamia, kila mmoja na saa yake. Akaikata ibaki ya Jumamosi asubuhi. Kwanini alisogeza kiti.

"Saa kumi na moja alfajiri, kompyuta imewashwa," Pengwini alisoma. "Mzee kaanza kazi. Sauti inakwenda kadi moja, spika hizi, kila kitu sawa. Saa kumi na mbili, sawa. Saa moja, sawa. Saa moja na dakika arobaini na moja..." Kidole chake kilisimama juu ya mstari.

"Soma."

"Saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi. Spika ya blutuuthi imeunganishwa. Sauti imehamishiwa huko." "Hii ndiyo tabia yake, afande. Spika ambayo kompyuta ilishawahi kuitumia, ikiwashwa tu mahali pa karibu, kompyuta inaitambua na kuirukia. Sauti yote inahamia huko bila mtu kugusa kitu. Kisha saa moja na dakika hamsini na tisa, spika imezimwa. Sauti ikakosa pa kwenda, ikaangukia kadi sifuri. Ndiyo maana tumeikuta bubu."

"Karibu maana yake nini?"

"Mita kumi. Ukuta mmoja, si zaidi."

"Na spika ina jina?"

"Zote zina majina. Hii mzee aliibatiza mwenyewe." Pengwini hakusoma kwa sauti. Aligeuza skrini kidogo, akaonyesha kwa kidole.

Jina lilikuwa SPIKA YA DADA NESI.

Kwanini aliusoma mstari ule, akausoma tena, kisha akaangalia ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule bomba la maji lilifunguliwa, likafungwa. Aliutazama mkono wa kushoto, lile kovu la jeraha lililoshonwa vizuri hata halionekani sana.

"Alisema iliharibika kipindi cha baridi," Pengwini alinong'ona. "Alisema aliitupa."

"Alisema amesafiri."

"Si mlithibitisha?"

"Dada yake alithibitisha kwamba alilala kwake. Alilala. Basi la kwanza kutoka kule linaingia hapa saa moja na robo." Kwanini alijipiga paji la uso kwa kiganja, kwa nguvu. "Wananiita Kwanini, fundi, na mimi nikasahau kuuliza lini. Hakuna aliyemuuliza aliondoka saa ngapi. Mimi mwenyewe sikumuuliza. Nilikunywa chai yake."

Alisimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mzee alikuwa anasikiliza nini saa moja na dakika arobaini na moja?"

Pengwini alifungua programu ya wapiga chapa. Faili la mwisho lilikuwa na kichwa kamili, kama mzee alivyoandika vyote: uchunguzi wa kifo cha mgonjwa wa wodi ya wanawake, miaka kumi na minne iliyopita. Kwanini alisoma jina la mgonjwa. Alilijua. Lilikuwa kwenye jalada lake mwenyewe, kwenye mstari wa "jina la mama wa mtuhumiwa".

"Ni dada yake," alisema. "Mzee alikuwa anapiga chapa kesi ya kifo cha dada yake. Mama wa msichana."

Alisoma maandishi haraka, midomo ikichezacheza. Mgonjwa alitiwa damu isiyo ya kundi lake. Mahakama ilitaka kujua kama kadi ya kitandani, yenye kundi la damu, ilikuwa na kosa. Wauguzi wote waliapa kwamba kadi iliandikwa sawa, na kwamba mwili wa mgonjwa uliikataa damu kwa amri ya Mungu. Ushahidi wao ulijaa kurasa tisa, umepigwa safi, bila kosa. Kisha mzee aliandika: "Mahakama imeahirishwa kwa dakika ishirini. Kinasa sauti hakikuzimwa." Chini yake kulikuwa na mistari miwili, na mstari wa tatu ulikatika katikati ya neno.

"Irudishe sauti kadi moja," Kwanini alisema. "Kisha cheza kuanzia hapo. Dakika zilezile."

"Kwa sauti ya juu?"

"Kama alivyokuwa akiisikiliza yeye."

Pengwini aliandika amri moja, akabonyeza. Spika zilikohoa. Halafu chumba kilichokaa kimya siku tano kikajaa kelele za viti, nyayo, mtu akicheka mbali. Kanda ilikuwa ya kale, yenye mvumo wa upepo. Ghafla, karibu kabisa na kinasa sauti, mwanamke akazungumza kwa kunong'ona. Sauti nzito, ya kukwaruza. Ilikuwa changa zaidi, lakini ilikuwa ileile.

"Acha kutetemeka, watakuona. Mimi ndiye niliyechanganya vitanda, si wewe. Kadi nimeshaibadilisha. Ya zamani niliichoma siku ileile. Hakuna atakayejua."

Pengwini alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Hawakusikia mlango wa pili ukifunguka. Walisikia nyayo za mtu asiye na viatu zikija mbio, na Mama Nesi akatokea mlangoni, mikono ikitona maji ya vyombo, macho yamemtoka.

"Izimeni!" alipiga kelele. "Izimeni! Imeanza tena!"

Kwenye spika, viti viliendelea kuburutwa kwenye chumba cha mahakama cha miaka kumi na minne iliyopita. Kwanini aliliacha neno lile likae hewani, likae kabisa, mpaka aliyelisema mwenyewe akalisikia.

"Tena, mama?" aliuliza. "Mara ya kwanza uliisikia lini?"

Mama Nesi aliangalia kompyuta, akaangalia ukuta wake, akaangalia mikono yake yenye povu. Akaketi palepale kizingitini.

"Niliwasha spika nisikilize nyimbo zangu," alisema. Ile sauti iliyotuliza wodi ilikuwa imebaki kipande. "Nimetoka safari, nimechoka. Nikajisikia mimi mwenyewe. Ndani ya nyumba yangu, najisikia nasema yale maneno. Nilidhani nimekufa, mwanangu. Nilidhani ndiyo hukumu yenyewe."

"Na mzee?"

"Alikuja kubisha hodi. Sauti ilimkimbia kwenye meza yake, akaifuata ukutani hadi mlangoni kwangu." Alijifuta uso kwa mkono wenye povu. "Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, 'Dada, kumbe umesharudi? Nilitaka mtoto aambiwe kwanza, ndipo nije kwako.' Kwa upole uleule. Mtoto aambiwe! Mimi ndiye mama yake, miaka kumi na minne. Nilimshika asiende kupiga simu. Nilimshika tu. Akajivuta, na mimi nikamwachia."

Kwanini alihesabu kimoyomoyo ngazi kumi na saba.

"Ukamwacha mtoto akamatwe," Pengwini alisema. Hakuwa askari, na hakuna aliyemruhusu kuuliza, lakini lilimtoka. "Ukampikia."

Mama Nesi hakumtazama. Alikuwa anaiangalia hotipoti juu ya kabati.

"Mpelekee kabla hakijapoa," alimwambia Kwanini. "Hapendi wali baridi."

Kwanini aliichukua hotipoti. Bado ilikuwa ya moto, ilimchoma kwenye kovu. Aliirudisha juu ya kabati, akaifunika vizuri.

"Atakuja kula mwenyewe, hapa kwa mjomba wake," alisema. "Leo hii. Wewe vaa viatu, mama. Tunashuka."